Ufunguo Uko Njombe

Malori ya manamba, wale vibarua wa mkataba, yalipokuwa yakirudi kutoka kwenye mashamba ya mkonge yalisimama Makambako, pale barabara ya Njombe inapoachana na ile ya Mbeya. Waliokuwa na nguvu waliruka chini, wakanyoosha miguu, wakanunua mahindi ya kuchoma na kupanda tena. Wasiokuwa na nguvu walishushwa. Watu wengine husema waliachwa, kana kwamba dereva alisahau. Hakusahau. Walishikwa mikono na miguu wakalazwa kwenye majani kando ya barabara, kwa sababu mtu akifia ndani ya lori kuna maswali na kuna karatasi, lakini akifia kwenye majani ni shauri la majani.

Mimi nilikuwa nimeolewa Lyamkena, hapo hapo Makambako, nikitokea kwetu Mjimwema, Njombe. Mume wangu alikuwa kibarua wa barabara, kazi ya kufukia mashimo na kuzibua mifereji, kwa hiyo yeye ndiye aliyewaona watu hao kila mara. Jioni moja alirudi amembeba mmoja mgongoni. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta ulezi. Aliweka ungo chini, akamtazama yule mtu, akauliza, "Ni wa kwetu?"

"Simjui," mume wangu akasema. "Hata lugha yake siijui."

"Basi mlaze karibu na moto. Lugha tutaijua kesho."

Hatukuijua. Alikufa kesho yake kabla ya mchana, jikoni kwetu, na hatukupata hata jina la kumzikia.

Mama mkwe alikuwa mjane, mfupi, mkavu wa maneno. Kiswahili hakukitaka, alikiita lugha ya kudaiwa kodi. Baada ya mazishi yale alijifunga kaniki yake akaanza kupita nyumba kwa nyumba, nami nyuma yake. Hakuomba kitu. Alikaa mahali alipokaribishwa, akaitikia "kamwene" zote alizosalimiwa, kisha akasema, "Wewe una mtoto mkongeni. Akishushwa njiani, nani atampa maji?" Halafu akanyamaza, akamwacha mwenye nyumba ajijibu mwenyewe. Nyumba ambazo hazikuwa na mtoto, ndugu au mume mkongeni zilikuwa chache.

Hivyo ndivyo ilivyojengwa nyumba ya kuwalaza walioshushwa njiani. Wanaume walikata mianzi na kukandika udongo, wanawake tuliteka maji na kuezeka nyasi. Kila mavuno kila nyumba ilileta kapu la mahindi au maharage. Waliokuwa na ng'ombe walileta maziwa kwa zamu, na asiyekuwa na kitu alileta kuni. Hakuna aliyeandika popote. Kila mtu alijua nani ameleta na nani hajaleta, na aibu ilitosha kuwa karani. Watu waliiita Nyumba ya Wasiofika, kwa kuwa wote waliolala mle walikuwa njiani kwenda kwao.

Kulikuwa na ubishi wa dini, maana sisi tulikuwa Walutheri na jirani yetu mkubwa katika kazi ile alikuwa Mkatoliki, mama mmoja mnene mwenye mikono mizito iliyojua kugeuza mgonjwa bila kumuumiza. Wazee wa pande zote mbili walitaka kujua marehemu wataombewa sala gani. Jirani yetu alimaliza ubishi siku hiyo hiyo. Alimwambia mama mkwe, "Atakayefia mikononi mwangu nitamwombea ya kwangu. Atakayefia mikononi mwako mwombee ya kwako." Wazee wakaondoka na vitabu vyao.

Sitaki mtu adhani tulikuwa waganga. Hatukuponya hata mmoja. Wengi walikuwa na kifua kilichooza kwa vumbi la mkonge na kulala chini, wakikohoa damu. Tuliwaosha. Tuliwapa uji wa ulezi, kijiko baada ya kijiko, hata kama nusu yake ilirudi. Tulipasha mawe motoni, tukayafunga matambara na kuwawekea miguuni, kwa kuwa baridi ya kwetu, hasa mwezi wa sita na wa saba, humwingia mtu kwenye mifupa. Tuliwasikiliza. Wengine walitutuma salamu kwa wake zao, nasi tukazipeleka kwa mdomo wa wasafiri. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi: mtu asife peke yake, wala mchafu, wala na njaa.

Kisha wakaja watu wa kutusaidia.

Mke wa mkubwa mmoja wa serikali pale Njombe alisikia habari zetu. Alikuja kwa gari, yeye na memsahibu wenzake wawili, pamoja na karani Mwafrika wa suruali iliyopigwa pasi. Alikuwa mwanamke mchangamfu. Aliinama akaingia ndani, na harufu haikumrudisha nyuma, hilo nalikubali. Alimshika mama mkwe mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Nyinyi fanya kazi mzuri sana. Sasa sisi saidia."

Baada ya muda alirudi na karani wake, pamoja na gari lenye vitanda vya chuma na mablanketi mapya, ya kijivu yenye mstari mwekundu, mazito, ambayo hakuna mtu Lyamkena aliyewahi kujifunika. Tulipiga vigelegele. Wagonjwa walilazwa vitandani, wakafunikwa mpaka kifuani, na memsahibu akatoa kamera. Alituambia tusimame nyuma ya vitanda. Alimwambia mgonjwa mmoja acheke, na yule maskini akajitahidi. Picha zilipokwisha na gari la memsahibu likaondoka, karani alibaki, akapita kitanda baada ya kitanda akiyavua mablanketi na kuyakunja.

"Unayapeleka wapi?" nikamwuliza.

"Stoo. Yasichafuke. Haya ni mali ya kamati."

"Kamati gani?"

"Kamati ya Njombe. Sasa nyumba hii iko chini ya kamati."

Stoo yenyewe tuliijenga sisi, kwa maagizo yake: matofali tuliyafyatua sisi, maji tukateka sisi, bati peke yake ndilo lililotoka Njombe. Mlango wake ulikuwa imara kuliko mlango wa kanisa, na kufuli lake lilikuwa kubwa kama ngumi. Karani alitusomea masharti, nami nikamfasiria mama mkwe. Mgonjwa atapewa blanketi akishaandikishwa na daktari wa Njombe, ambaye atapita mara moja kwa mwezi. Asiyeandikishwa hapewi.

Mama mkwe aliuliza, "Na atakayeletwa siku ya pili baada ya daktari kuondoka?"

Nilimwuliza karani. Akasema, "Angoje."

Nilipomfasiria neno lile mama mkwe alicheka. Nilimjua vizuri, hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Lakini kufuli halikuwa baya kuliko yote. Baya lilikuja kwa upole. Jumbe aliita baraza, akatangaza kwa furaha kwamba nyumba sasa ina wenyewe, kwamba kamati italeta unga na kila kitu, na watu wasisumbuke tena kuchanga. Watu wakapiga makofi. Unga ulikuja mara mbili tatu, ukakoma. Tulipopita tena nyumba kwa nyumba kama zamani, tulikuta sura nyingine. Mama mmoja, ambaye mwanawe wa kumzaa alikuwa mkongeni wakati ule ule, alituambia bila kuacha kumenya viazi, "Wale ni wagonjwa wa Wazungu sasa. Si wana vitanda vya chuma? Nendeni kwa wenye vitanda."

Nimezeeka, na watu huniambia kwamba uzee hulainisha. Mimi namkumbuka mama yule na kisu chake cha viazi, na damu hunichemka mpaka leo. Memsahibu alikuwa mgeni, hakujua alichovunja. Karani alikuwa mtumwa wa mkate wake. Lakini sisi tulijuana. Kwa miaka yote ile tulitoa kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kutoa, na mara alipotokea mtu wa kusingizia, mioyo ilifungwa kama duka siku ya mazishi. Tulibaki sisi wawili wa nyumba yetu na jirani yetu Mkatoliki, tukilisha wagonjwa kutoka kwenye vihenge vyetu wenyewe. Mume wangu alipunguza chakula chake.

Katika hali hiyo aliletwa Mkinga mmoja. Lori lilimshusha mchana, mwezi wa baridi kali, na daktari alikuwa ameshapita. Alikuwa kijana bado, mrefu, mifupa mitupu, na mwenye maneno kuliko wagonjwa wote tuliowahi kuwa nao. Alilalamika juu ya ugali, akisema kwamba kwao milimani mtu mzima hali kitu cheupe kama chokaa. Alitaka viazi vya kuchoma kwenye majivu. Nilipomletea, alisema vimeungua.

"Dada, nani alikufundisha kupika?"

"Mama yangu."

"Basi mama yako hakukupenda."

Jirani yetu alicheka mpaka akashika mlango. Hata mama mkwe, ambaye yule kijana alizungumza naye Kikinga na yeye akamjibu Kibena, wakaelewana kwa kubahatisha, alianza kumwekea viazi vyake kando. Usiku hatukumwacha peke yake, tulipokezana. Alikuwa akituambia siku ngapi za kutembea zimebaki kufika kwao, na njia gani atapita, na mto gani atavuka. Alijua kwamba havuki mto wowote. Alitaka tu mtu asikie majina ya njia yake.

Baridi ilizidi. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa barafu, na kuta zetu za udongo zilikuwa na nyufa ambazo mwaka ule hakuna mwanamume aliyekuja kuzikandika. Vitambaa vya kujifunika tuliwagawia wagonjwa wote, vyetu pia. Yule kijana alitetemeka hata meno yakagongana, na kila alipotetemeka kifua kilimpasuka. Mawe ya moto yalipoa kabla hatujapasha mengine. Mablanketi yalikuwa hatua chache tu kutoka kichwani pake, nyuma ya ukuta wa matofali yetu.

Nilikwenda kwa jumbe. Nilipiga goti kama inavyopasa, nikasema, "Baba, tunaomba stoo ifunguliwe. Mgonjwa anakufa kwa baridi."

"Ufunguo uko Njombe," akasema. "Karani ameitwa bomani. Kuna sherehe, wakubwa wamekuja."

"Tuvunje basi. Kufuli tutalilipa."

"Mali ya kamati ivunjwe, mimi nikiwa jumbe? Unataka nifungwe?"

"Na huyu akifa?"

Aliniangalia kwa huruma, kweli kwa huruma, akasema, "Binti yangu, si mnasema wote hufa?"

Nilirudi. Mume wangu aliomba ruhusa kwa msimamizi wake wa barabara, akadandia gari la mbao kwenda Njombe kuutafuta ufunguo. Alimkuta karani kwenye uwanja wa boma, amevaa tai, anapanga viti. Karani alimwambia hawezi kuuacha ufunguo mikononi mwa kibarua, na kwamba atarudi Makambako wiki itakayofuata. Mume wangu, ambaye sikuwahi kumsikia akitukana, alinisimulia baadaye kwamba alisimama pale akiwaangalia watu wakitandika vitambaa mezani, na hakupata tusi lililotosha.

Yule kijana alikufa alfajiri, kabla mume wangu hajarudi. Mama mkwe alikuwa amelala nyuma yake, amemkumbatia, kama mtu anavyomkumbatia mtoto ampe joto la mwili. Nilipoingia na uji alikuwa bado amemshikilia. Alisema, "Weka uji chini. Niletee shoka."

Sikumwuliza la nini. Jirani yetu alikuwa amefika na maziwa, naye hakuuliza. Kufuli lilikuwa zuri, lilikataa, basi mama mkwe akaliacha, akaukata mlango wenyewe. Mbao ziliruka. Watu walitoka majumbani wakaja kutazama, na hakuna aliyemzuia wala aliyemsaidia. Alitoa mablanketi yote, yaliyonukia dawa ya nondo, akampa kila mgonjwa la kwake. Lililobaki alimfunga nalo yule Mkinga kuanzia kichwani mpaka miguuni, na mchana tulimzika nalo. Jirani yetu aliomba ya kwake, sisi tukaomba ya kwetu.

Tuliitwa bomani. Mama mkwe aliagizwa afike, nami nikaenda kumfasiria. Tulilala kwetu Mjimwema, kwa mama yangu, na asubuhi tukakaa kwenye ngazi za boma mpaka jua likawa kali. Ndani alikuwapo mkubwa mwenyewe, karani amesimama kando ya meza, na memsahibu kwenye kiti pembeni, mikono magotini, uso umemwiva.

Mkubwa alijua Kiswahili vizuri. Alisema, bila ukali, "Mama, mwambie mkweo kwamba vitu vile vilitolewa na watu wema. Vikivunjwa na kuchukuliwa ovyo, watu wema hawatatoa tena."

Nilifasiri. Mama mkwe akajibu kwa Kibena, taratibu, akimtazama memsahibu wala si mkubwa.

"Anasema nini?" mkubwa akauliza.

"Anasema, sisi tulikuwa tukitoa kabla ninyi hamjaja. Mmekuja na kufuli, watu wetu wameacha kutoa. Anasema mlileta mablanketi machache mkachukua mahindi ya nchi nzima."

Karani alikohoa. Alikuwa Mbena kama sisi, alisikia kwamba sikuongeza neno. Mkubwa akamgeukia. "Amesema hivyo?"

"Ndiyo, bwana," karani akasema, na macho yake yalikuwa sakafuni. Kisha, kwa sauti ya kazi yake, akaongeza, "Lakini bwana, mablanketi mengine yapo. Moja halipo. Linatakiwa lirudishwe."

Nilimfasiria mama mkwe. Safari hii alinigeukia mimi kwanza, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba amesikia sawa. Nikamwambia ndiyo, wanalitaka. Alisimama, akatengeneza kaniki yake mabegani, akasema neno moja tu.

"Amesema nini?"

"Amesema, kalifukueni."

Memsahibu alisema jambo kwa Kiingereza, haraka haraka, na mumewe akamjibu kwa kifupi bila kumtazama, naye akatoka. Nilimsikia nje akipenga kamasi. Sikumwonea huruma wakati ule, na sasa ninapoandika naitafuta huruma hiyo na bado siioni. Angeweza kuuliza. Alipokuja mara ya kwanza na kumshika mama mkwe mkono kwa mikono yake yote miwili, angeweza kumwuliza swali moja: mnahitaji nini? Tungemwambia, mablanketi, na mlango usiofungwa.

Tulitozwa faini ya mlango na ya blanketi. Mume wangu aliuza mbuzi wetu. Kamati ilikasirika au iliona haya, sijui, lakini lori lilikuja likapakia vitanda vya chuma na mablanketi yaliyobaki. Wapakiaji waliwashusha wagonjwa chini wakayavuta mablanketi mwilini mwao. Mmoja wa wapakiaji alikuwa akilia huku anafanya kazi yake, na alifanya yote. Watu wa Lyamkena walisimama barabarani wakitazama. Mama mkwe alipita katikati yao, hakumtazama mtu, akaingia ndani na kuanza kutandika nyasi.

Kesho yake tulikuta kuni mlangoni. Keshokutwa yake akaja yule mama wa kisu cha viazi, na kapu la mahindi kichwani. Alilitua mbele yangu, akasema, "Nimeleta ya mwaka huu, na ya mwaka jana pia."

Nilitaka kumwambia mengi. Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Mama mkwe alisema kutoka ndani, "Lipokee, mwanangu," nikalipokea. Lakini sikumwambia asante, na yeye hakuingojea. Aliinama akaingia, akakaa karibu na mgonjwa wa kwanza aliyemkuta, akamwuliza kama amekula.

Hawakurudi wote. Wengine walikuwa wameonja uhuru wa kutotoa, na aibu iliyokuwa karani wetu ikafa kwao moja kwa moja. Nyumba ilibaki na watu wachache waliokuwa tayari kuchoka kwa ajili yake, na ndio walioibeba miaka yote iliyobaki. Mwanamume mmoja alikuja na udongo uliokwisha kukandwa, akaanza kuziba nyufa bila kusalimia mtu. Jirani yetu alikuwa anampa mgonjwa maji. Mume wangu alikuja kutoka barabarani akikimbia, koleo bado begani, akasema kuna lori limesimama njia panda, na wameshusha wawili.

Mama mkwe alikuwa ameshaishika machela upande mmoja. Nilishika upande wa pili, tukaenda.